Hodi ya Bafu Namba Sita

Hapa Doha hakuna anayepiga hodi. Watu hubonyeza kengele, na vijana wanaoleta chakula kwa pikipiki hawabonyezi hata hiyo. Huacha mfuko mlangoni na kupiga simu wakiwa wameshaingia kwenye lifti. Niko hapa Al Thumama, katika fleti ya binti yangu Edna, tangu mjukuu wangu alipoanza kutambaa, na kwa muda wote huo sijalisikia neno lile mlangoni. Edna ni muuguzi. Huondoka asubuhi na kurudi jua likizama, nami hubaki na mtoto, eisi ya kupoza hewa ikinguruma na ndege zikipita juu ya paa moja baada ya nyingine. Nikaona mtoto huyu atakua bila adabu. Basi nikaanza kumchezesha: najifunika kanga usoni, nasema "Hodi," naye anatakiwa aitikie "Karibu" ndipo nijifunue. Mtoto anaitwa Selina, jina langu, na ukaidi wangu ameuchukua pamoja na jina. Alikuwa akicheka na kuivuta kanga bila kuitikia chochote. Siku moja Edna alitukuta, akacheka pia. "Mama, unajichosha bure. Huku hakuna mtu hupiganga hodi. Huyu ataanza na Kiarabu." Nikamwambia aniachie mjukuu wangu, na nikaendelea.

Nilikuwa jikoni naosha vyombo simu ilipokuja kutoka nyumbani. Kiangazi hapa bomba la baridi hutoa maji ya moto, kwa sababu matangi yako juu ya paa na jua la Ghuba halina huruma, kwa hiyo mvuke ulikuwa umenijaa usoni na miwani imeingia ukungu. Aliyepiga alikuwa binti wa Tabitha. "Mama Edna," akasema, "Mama ametuacha." Nilifunga bomba. Nakumbuka nilisimama pale nikiunusa ule mvuke, nikitafuta ndani yake harufu ya mayai, na haikuwamo. Mimi na Tabitha tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, tukiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huo ulitosha kutuunganisha na kutugombanisha mpaka uzeeni. Ugomvi wenyewe ulihusu mkono wangu na mdomo wake, mchana mmoja, mtu akipiga hodi mlangoni. Wanaosikia hivyo hucheka, na siwalaumu. Mimi si mtu wa mizimu. Nimezaa, nimezika mume, nimelima, nimeuza mitumba, na katika hayo yote sikuwahi kukutana na kitu ambacho hakikuwa na maelezo, isipokuwa mwaka ule.

Habari za kwetu sitazisimulia. Kila mtu ana kwao, na ukizisikia za mmoja umezisikia za wote. Nianzie kwenye geti la hoteli. Ilikuwa bondeni, katika Bonde la Ufa, na ilijengwa enzi za ukoloni na mzungu ambaye sisi tulimjua kwa jina la Meja tu. Pale maji moto hutoka chini ya mwamba yenyewe, yakifuka moshi mchana kutwa. Wenyeji walikuwa wakiyatumia tangu zamani kuogesha wagonjwa na mbuzi wenye upele. Meja akayazungushia ukuta, akayatia kwenye mabomba, akayajengea vyumba vya kuogea, kisha akawatangazia wenzake kwamba yanaponya magoti, mgongo na huzuni. Wakaja. Walishuka stesheni na masanduku yao, mbwa wao, watoto na mayaya, wakachukuliwa kwa gari hadi hotelini, wakakaa wiki nzima wakiyanywa maji yale kwa glasi asubuhi na kuketi ndani yake jioni. Wenyeji wakaachiwa mfereji wa maji machafu uliotokea upande wa pili wa ukuta. Nilipofika mimi bendera ilikuwa imeshabadilika na mwenye hoteli alikuwa tajiri mmoja wa Nakuru, lakini ndani hakubadilisha kitu, labda kwa heshima, labda kwa ubahili. Wageni wakawa maofisa wa semina, maharusi, na wazungu wachache wazee waliorudi kutafuta ujana wao kwenye viti vilevile vya matete.

Ukumbini kulikuwa na ukuta mzima wa fimbo za kutembelea. Mgeni aliyepona miguu alitundika fimbo yake pale kabla ya kuondoka, na chini yake kukawekwa kibao cha shaba chenye jina. Kobilo, mkuu wetu wa bafuni, alituambia kwamba fimbo nyingi ziliuzwa katika duka la hoteli, na wageni walizinunua siku ya kuondoka ili wapate kitu cha kuacha. Jambo lingine lililonishangaza ni vijiko. Vilikuwa vya fedha, na harufu ya maji yale iliviharibu. Tulivisugua asubuhi vikang'aa, na kufika jioni vilikuwa vyeusi tena. Kila kitu mle ndani kilikuwa hivyo. Taulo nyeupe ziligeuka manjano, pazia zikawa na ukurutu, hata mkate ulikuwa na harufu ya yai bovu. Wageni walikula supu ya njegere, nyama iliyokatwa nyembamba na pudini ya mkate, wakiongea kwa sauti ya chini, na wazee wao walikuwa na mazungumzo yaleyale: nani aliuza shamba, nani amekufa, na jinsi maji siku hizi hayachomi kama zamani. Sisi tulikula ugali na maharagwe nyuma ya jiko. Jumapili mpishi aliteremsha kikapu cha mayai kwenye jicho la chemchemi, yakaiva tukimtazama.

Mimi na Tabitha tuliandikwa kazi pamoja na tukapewa chumba kimoja, cha mabati, katika nyumba za wafanyakazi. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye adabu iliyopita kiasi. Alisema samahani akigonga kiti. Alipiga hodi hata akiingia banda la kuku kuchukua mayai, nikamtania kwamba siku moja jogoo atamwitikia. Na mtu akipiga hodi popote, hata kama si mlangoni kwetu, mdomo wa Tabitha uliitikia karibu kabla kichwa chake hakijajua ni nani. Hakuwa peke yake katika hilo. Sote tulilelewa hivyo. Ila sisi wengine neno lilipitia kichwani kwanza.

Upande wa bafu ulikuwa korido moja ndefu yenye vigae vya kijani, milango kushoto na kulia, kila mmoja na namba yake ya shaba. Ndani ya kila chumba kulikuwa na birika la kuogea lililochimbwa sakafuni, na maji moto yaliingia yenyewe bila kukatika. Bomba la maji baridi lilikuwa nje, koridoni. Mgeni alipaaza sauti kutoka ndani, nasi tukafungua au tukafunga baridi kwa kadiri alivyotaka. Siku ya kwanza Kobilo alitusimamisha mwanzoni mwa korido. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye mikono iliyobabuka hadi kwenye viwiko.

"Nyinyi wasichana, sikizeni," alisema. "Humu hatusemi hodi. Unagonga na kusema 'taulo', basi. Na mkisikia mtu amepiga hodi, msiitikie."

"Mtu gani?" nikauliza.

"Namba sita haina mgeni," akasema. "Haikodishwi. Hiyo ndiyo nasema."

Tulicheka usiku ule kitandani, kwa sababu hodi hupigwa na aliye nje, na aliye ndani ndiye huitikia. Nani apige hodi akiwa ndani? Tulikuwa na miezi kadhaa pale, na kazi tumeshaizoea, asubuhi moja tulipokuwa tukipita na mizigo ya taulo hadi kidevuni. Wageni walikuwa bado mezani. Tulipofika mlango wa namba sita sauti ikasema, "Hodi." Haikuwa kubwa wala ya kutisha. Ilikuwa ya msichana, ya chini, ya mtu mwenye adabu asiye na haraka. Ilitoka ndani. Tabitha, akiwa anatazama asianguke, akasema, "Karibu."

Maji kwenye mabomba yakanyamaza. Sijui kuieleza hali ile vizuri zaidi. Maji yale hayakuwahi kunyamaza tangu nifike, mpaka tulikuwa hatuyasikii tena, na sasa kunyamaza kwake kukawa ndiyo sauti. Kisha yakaanza tena. Tulipogeuka, Kobilo alikuwa amesimama mwisho wa korido na ndoo yake ameiweka chini. Hakutugombeza. Alikuja, akachukua taulo za Tabitha mikononi mwake, akamwambia aende akapumzike. Huko kutogombezwa ndiko kulikonitia hofu, maana Kobilo alikuwa mtu wa kugombeza.

Kesho yake mlango wa namba sita ulikutwa wazi kidogo, upana wa kiganja. Siku kadhaa baadaye tulikuwa stoo ya mashuka, mimi na Tabitha, sauti ikasema hodi nyuma ya mlango wa stoo. Tabitha alifungua mdomo na mimi nikamkanyaga mguu. Nilipotazama nje hapakuwa na mtu, ila vigae vilikuwa na unyevu kama vimepigwa deki ya maji moto. Kisha ikawa mlango wa chumba cha kufulia. Kisha mlango wa nyuma wa jiko, mchana kweupe, wapishi wakiwemo, na wote wakasikia. Mpishi mkuu alisimamisha mwiko hewani. Hakuna aliyeitikia. Kuanzia siku hiyo watu walianza kumkwepa Tabitha. Wakati wa chakula benchi lilikuwa linajaa upande mmoja, naye anabaki upande wa pili na sahani yake, mimi tu kando yake, na hata mimi nitasema ukweli kwamba nilikaa kwa ukaidi kuliko kwa upendo. Nilimsikia mmoja wa mezani akimwambia mwenzake, "Inamfuata mlango kwa mlango. Bado mmoja tu." Waliponiona wakarudi kwenye sahani zao.

Nilikwenda kwa Kobilo na Tabitha nyuma yangu. Tulimkuta akikunja taulo, na kwa kuwa hakuweza kukaa bila kazi alitupa na sisi za kukunja, na tukazikunja wote watatu huku akisema.

"Alikuwa yaya," alisema. "Alikuja na memsaabu mmoja, mzungu wa kuugua magoti. Jina hatukumuuliza. Yaya alikuwa ni yaya tu. Kila jioni aliosha watoto wa wazungu na haya maji, mikono yake inaingia hadi hapa, lakini mwili wake haukuruhusiwa. Siku moja wamelala, wamekula wameshiba, akaingia namba sita peke yake aonje. Meja akapita akasikia maji yanachezwa."

"Akamfungia ndani," nikasema, maana hilo nilikuwa nimelisikia jikoni.

"Ndivyo watu husema. Ati alitia komeo." Kobilo alikunja taulo, akailainisha kwa kiganja. "Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa msichana mdogo wa kubeba taulo. Komeo halikutiwa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Meja alikuwa ametufundisha kwamba Mwafrika hapiti mlango wowote wa hoteli hii mpaka apige hodi na aitikiwe. Kuingia, kutoka, ni hivyohivyo. Alitufundisha na kiboko. Sasa yule msichana amejua Meja yuko nje. Akapiga hodi. Meja akatuwekea kidole hivi." Akaweka kidole midomoni. "Tukanyamaza. Alitaka kumtia aibu kidogo, nadhani, amcheze. Msichana akapiga hodi tena. Na maji yanaingia moto, na baridi iko huku kwetu. Akapiga tena. Sauti ikawa inashuka, hadi ikakatika, na yeye akafia humo. Na mlango ni wa kusukuma tu, kama hivi, kwa kidole."

"Na nyinyi?" Tabitha akauliza.

Kobilo alichukua taulo nyingine. Akaikunja, kisha akatuambia juu ya fundi wa boila aliyeitikia kwa mzaha, miaka kadhaa kabla yetu. Sauti ilimfuata kila mlango na kila mlango akaitikia, akijisifu, hadi mlango wa chumbani kwake. Asubuhi walimkuta namba sita, ndani ya maji, ametulia. "Alikuwa mlevi pia, sikatai," Kobilo akasema. "Lakini nyinyi hamnywi. Akifika mlango wenu, nyamazeni. Mlango wa chumba cha kulala ndiyo wa mwisho. Ukimwitikia hapo, mnaenda pamoja." Alimwambia Tabitha lakini alikuwa ananitazama mimi, na nikaelewa kwamba ananikabidhi.

Ilikuja mchana, baada ya chakula, saa ile ambayo hoteli nzima ililala. Jua lilikuwa linapiga mabati mpaka yanaalika. Nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya magoti ya Tabitha akinisuka nywele, na tulikuwa tukizungumza habari za kiatu, nakumbuka, kiatu chake cha kushoto kilichofunguka soli. Vidole vyake vikasimama. Halafu na mimi nikasikia. "Hodi." Ilikuwa mlangoni kwetu, karibu na sakafu, sauti ya mtu aliyechoka aliyekaa chini. Mlango wetu haukuwa na komeo, ulikuwa wa mbao nyepesi, mbuzi angeweza kuusukuma. Chini yake kulikuwa na nafasi ya vidole viwili, na kupitia hapo maji yalianza kuingia, kidogo kidogo, yakifuka. Harufu ya mayai ikajaa chumba. "Hodi," ikasema tena. Niliinuka kwa magoti, nikageuka, nikauona uso wa Tabitha, na kwa mshangao wangu haukuwa uso wa mtu anayeogopa. Alikuwa analia kwa huruma. Akafumbua mdomo.

Nikaufunika. Nilimsukuma mpaka kichwa chake kikagonga ukuta, nikambana mdomo kwa kiganja na kwa uzito wangu wote, naye akanishika mkono kwa mikono miwili kuuondoa. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, lakini mimi nilikuwa na woga, na woga una nguvu zake. Nililisikia neno kwenye kiganja. Sikulisikia kwa masikio. Lilinipiga mkononi, pumzi ya moto, silabi ya kwanza, kisha tena silabi ya kwanza. Nje ile sauti ikasubiri. Mtu husubiri hivyo akijua wenyewe wamo ndani. Maji yalifika kwenye goti langu na yalikuwa moto wa kuvumilika, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Halafu sauti ikasema, kwa adabu ileile, "Samahani." Maji yakarudi nyuma chini ya mlango, sakafu ikakauka tukiitazama, na mabati yakaendelea kualika.

Tuliacha kazi sote wawili juma lile. Kobilo alituaga kwa mkono tu. Hakuuliza, naye hakuambiwa. Sauti haikumfuata Tabitha tena, na hoteli nasikia ilifungwa baadaye, ikaezuliwa bati na watu, na maji yanatiririka yanavyotaka. Tabitha aliolewa, akajenga, na katika nyumba yake mlango ulikuwa wazi kutwa nzima, mvua au jua, kuku wanaingia na kutoka. Watu walidhani ni ukarimu. Mimi nilijua hataki kiumbe chochote kisimame mlangoni pake kikiomba ruhusa. Nilipokwenda kumtembelea tuligombana kila mara, chai ikiwa bado moto.

"Alituomba msamaha, Selina," alikuwa akisema. "Yeye. Alituomba sisi msamaha."

"Nilikufunika mdomo ukapata wajukuu," nilikuwa nikimjibu.

"Sikukutuma."

"Hukunituma. Nilijituma."

Mimi nilikataa kuishi kama yeye. Nilipiga hodi na kuitikia karibu kama watu wote, tena kwa sauti kubwa, nikijionyesha kwamba nimeshinda. Lakini mwaka huu Edna alinipeleka kwenye hoteli moja kule Lusail, zawadi ya siku ya kuzaliwa, nikapumzike kwenye mabwawa ya maji moto. Msichana wa Uganda aliyevaa sare nyeupe akanifungulia korido ya vigae, milango kushoto na kulia, akasema, "Karibu, mama, ingia tu." Nilikaa nje kwenye benchi na viatu vyangu miguuni mpaka Edna alipomaliza kuoga. Nikamwambia presha imepanda. Akanipima pale pale, na presha ilikuwa sawa.

Baada ya mazishi binti wa Tabitha alinipigia tena. Alitaka kuniuliza jambo, na alizunguka sana kabla ya kulifikia. Siku ile ya mwisho, alisema, kulikuwa na upepo mkali wa vumbi, akaufunga mlango wa mbele ili mgonjwa asikohoe. Ilikuwa mchana. Hakuna aliyebisha, yeye mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo akimkanda miguu. Ghafla Tabitha, ambaye alikuwa hajasema neno tangu juzi yake, akainua kichwa kwenye mto akasema kwa sauti safi, "Karibu, mama. Ingia. Umesimama sana."

"Halafu akatabasamu, Mama Edna. Sijamwona akitabasamu hivyo. Akasema kingine, ndicho nilitaka kukuuliza."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Na kwa Selina pia ubishe.' Sasa sijui alikuwa anaambia nani."

Nilimwambia wagonjwa husema mengi. Baada ya kukata simu nilikaa kitandani kwa Edna nikitazama ukuta. Nilimlilia Tabitha hapo, sawasawa, kwa mara ya kwanza. Na katikati ya kilio lilinijia wazo ambalo lilikausha machozi: katika nyumba hii akina Selina tuko wawili. Nikauacha mchezo wa kanga siku hiyohiyo. Mtoto aliniletea kanga akiiburuta sakafuni, akanifunika magoti, akanitazama, nikamwambia hapana, khalas, mchezo umeisha. Alisikitika, akaenda kukaa na vikombe vyake vya plastiki. Ijumaa, kwenye maombi ya Wakenya kule Muaither, waliniombea faraja, nami nikaitikia amina pamoja nao huku nikiutazama mlango.

Jana mchana Edna alikuwa kazini. Nilikuwa nimemweka mtoto mapajani, hapa kwenye kochi, namlisha viazi nilivyoponda na siagi. Eisi ilikuwa inanguruma, kisha ikanyamaza. Nikajiambia umeme umekatika, ingawa taa ya friji niliiona inawaka. Halafu, nje, mbele ya mlango wenye kengele nzima inayofanya kazi, sauti ya msichana ikasema, "Hodi."

Niliijua. Miaka yote hii haikuzeeka hata kidogo. Sikujibu. Nilikuwa na kijiko mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umeanza kupanda wenyewe kuelekea mdomoni mwa mtoto, kama ulivyopanda siku ile. Nikautazama mkono wangu. Una mishipa sasa, una madoa, lakini ni uleule. Nikakumbuka pumzi ya Tabitha kwenye kiganja, ile silabi moja iliyokufa mkononi mwangu, na nikausimamisha hewani. Ilikuwa muda mfupi tu. Mtoto alimeza kiazi chake, akageuka kuelekea mlangoni, na yeye ambaye hajawahi kuitikia hata mara moja akasema, wazi kabisa, kwa furaha ya mtu aliyekumbuka mchezo, "Kaibu."

Neno likishatoka huwezi kulirudisha, na kumwacha mtu mlangoni akipiga hodi ndio ubaya wenyewe. Hilo nilijifunza kwa kisa cha Meja. Nilimweka mtoto kwenye kochi. Niliogopa, sitadanganya, kuliko nilivyoogopa nikiwa na miaka kumi na tisa, maana wakati ule nilikuwa na rafiki tu wa kupoteza. Nilikwenda mlangoni, nikasimama katikati ya mlango na mtoto, nikafungua wote mpaka ukagonga ukuta. Korido ilikuwa tupu, viatu vya majirani vimepangwa, taa nyeupe zinawaka. Sakafuni mbele ya kizingiti kulikuwa na unyevu.

"Karibu," nikasema. "Aliyekuitikia ni Selina. Selina ni mimi. Huyu mdogo hana neno na wewe."

Joto lilinipita mkononi, taratibu, kama la mtu anayejikunja asikuguse. Harufu ya mayai ikaja ikaenda. Nyuma yangu mtoto alicheka, na nilipogeuka alikuwa mzima, ana kiazi shavuni, anakipungia mkono kile kiti kitupu kilicho karibu na dirisha. Eisi ikaanza tena kunguruma. Nilirudisha mlango, kwa kuwa sasa hakuna aliyebaki nje, nikaenda jikoni kubandika chai ya watu wawili.